Dakika hamsini uwanjani: kisa cha shule moja ya msingi katika tsunami ya Japani, 2011

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la shule, la kijiji na la kila aliyehusika nimeliacha makusudi. Wazazi wa watoto wale wametajwa vya kutosha, na walimu waliokufa hawawezi tena kujieleza. Umbali, kimo cha maji na hoja za mahakama nimeviacha kama vilivyo kwenye kumbukumbu za uchunguzi na hukumu. Saa nimezitaja kwa hesabu yetu: saa 8 mchana hapa ndiyo saa 14 katika taarifa za Kijapani.

Nimekichagua kisa hiki kati ya vingi vya siku ile kwa sababu moja. Hapakukosekana onyo, hapakukosekana muda, wala hapakukosekana mahali pa kukimbilia. Vyote vitatu vilikuwepo, na bado watoto 74 walipotea.

## Siku yenyewe

Ijumaa tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, sakafu ya bahari mashariki mwa Tohoku, ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Japani, ilikwanyuka. Bamba la Pasifiki, pande kubwa la mwamba lililo chini ya bahari hiyo, hujipenyeza chini ya Japani polepole, mwaka baada ya mwaka, na mkazo uliokuwa umejilimbikiza kwa karne nyingi uliachia kwa mara moja. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 9.0, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini humo. Waliothibitika kufa wanakaribia 15,900, na zaidi ya 2,500 hawajaonekana hadi leo. Katika kila kumi waliokufa, zaidi ya tisa walizama. Majengo ya Japani kwa kiasi kikubwa yaliustahimili mtikisiko. Maji ndiyo yaliyoua.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika kisa hiki. Shule yetu haikuanguka. Watoto wote waliokuwemo walitoka nje wakiwa hai, bila kufukiwa na ukuta.

## Shule, mto na mlima

Shule ilikuwa na wanafunzi 108, katika mkoa wa Miyagi, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mlima na mto mkubwa. Mdomo wa mto ulikuwa kama kilomita 4 kutoka hapo. Ukisimama uwanjani huioni bahari. Unachokiona ni tuta la mto na daraja refu linalovuka ng'ambo. Lakini uwanja wenyewe ulikuwa juu ya usawa wa bahari kwa mita moja na ushee tu.

Nyuma ya shule, mwendo mfupi kutoka uwanjani, mlima unaanza. Watoto walikuwa wakipanda sehemu ya mteremko wake katika masomo yao, kuotesha uyoga kwenye magogo. Naomba msomaji alishike jambo hili: njia ya mlimani watoto waliijua kwa miguu yao wenyewe.

Zilikuwepo pia karatasi tatu, na kwa maoni yangu kisa kizima kimo ndani ya karatasi hizo.

Ya kwanza ni ramani ya hatari iliyotolewa na jiji. Ilionyesha mahali ambapo tsunami iliyokadiriwa ingefika, na shule ikaangukia nje ya mstari. Ya pili ni orodha ya vituo vya kukimbilia wakati wa maafa. Shule yenyewe ilikuwemo kama kituo, na ndiyo maana baada ya tetemeko wanakijiji walikuja pale pale uwanjani. Ya tatu ni mwongozo wa dharura wa shule. Uliporekebishwa miaka michache kabla ya maafa, neno "tsunami" liliongezwa. Kwenye nafasi ya kutaja mahali pa kwenda iwapo uwanja si salama, yaliandikwa maneno ya jumla: kiwanja kilicho wazi, bustani, na kadhalika. Kijijini hapakuwa na mahali pa namna hiyo palipokuwa salama. Hayo ni maneno ya kielelezo cha kujaza, yaliyoachwa yalivyo.

Siku mbili kabla, tarehe 9 Machi, tetemeko jingine la kipimo cha zaidi ya 7 lilitikisa pwani hiyo hiyo. Watoto walitolewa hadi uwanjani, hali ikatulia, wakarudi darasani. Mwongozo haukuguswa.

## Kilichotokea, kwa mfuatano

Mtikisiko ulianza masomo yakielekea ukingoni, madarasa mengi yakijiandaa kwenda nyumbani. Watoto waliingia chini ya madawati. Ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa. Ilipotulia walitolewa nje, wakapangwa mistari kwa madarasa na majina yakaitwa. Mwalimu mkuu hakuwepo kazini siku hiyo, hivyo mzigo ukamwangukia naibu wake.

Saa 8:49, dakika tatu tu baada ya tetemeko kuanza, Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilitoa onyo la tsunami kubwa. Miyagi iliambiwa itarajie maji ya mita 6. Saa 8:52 vipaza sauti vya maonyo vya jiji vilitangaza onyo hilo na kuwataka watu waende mahali palipoinuka.

Kisha uwanja ukasimama.

Hapa ndipo kisa kinapouma, maana hakuna aliyekuwa amekaa bure. Ilikuwa baridi, theluji ikianza kudondoka. Mitetemo midogo ilikuja mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja uliamsha vilio vya watoto wadogo. Wazazi walifika kwa magari, wakachukua watoto wao, majina yakawekewa alama. Zaidi ya watoto 20 waliondoka kwa njia hiyo. Baadhi ya wazazi waliwaambia walimu kwamba redio inatangaza tsunami na kwamba wapande mlimani. Basi la shule lilikuwa limeegeshwa karibu, tayari kuondoka. Wazee wa kijiji walikuja kujisitiri. Miongoni mwa wanafunzi wakubwa walikuwemo waliosema twendeni mlimani. Walimu nao hawakuwa na kauli moja: wapo walioutaka mlima, na wapo waliouogopa.

Saa 9:14 alasiri makadirio ya Miyagi yalipandishwa kutoka mita 6 hadi mita 10. Umeme ulikuwa umekatika sehemu kubwa ya ukanda ule, kwa hiyo walioipata namba mpya ni wale waliokuwa na redio ya betri au redio ya gari. Namba ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani mwa wengi.

Karibu saa 9:30 gari la ofisi ya jiji lilipita kando ya shule. Waliokuwemo walikuwa wameiona tsunami ikivuka msitu wa misonobari wa pwani, nao wakapaza sauti kwa kipaza wakiwataka watu wakimbilie juu.

Uamuzi ukafanyika baada ya hapo. Mstari wa watoto ulitoka uwanjani kuelekea kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu kwenye kichwa cha daraja. Kilikuwa kama mita 200 kutoka shuleni na kiliinuka takriban mita 7. Yaani walitoka kwenye ardhi tambarare iliyo chini ya mlima wakaelekea mtoni.

Maji yalikuja kwa njia mbili, mtoni na nchi kavu. Yalipanda mto kwa kasi kuliko nchi kavu, yakabeba misonobari ya pwani na mbao za nyumba, na takataka hizo zikakwama kwenye daraja. Mto ukazibwa, ukafurika juu ya tuta. Waliokuwa mbele ya mstari walikutana na maji uso kwa uso. Wachache waligeuka wakakimbilia mlimani, ule ule waliokuwa wameuacha nyuma.

Saa ya ukutani shuleni ilisimama saa 9:37. Maji yalifika kimo cha mita 8.6 mahali hapo, juu zaidi ya kile kipande walichokuwa wakikikimbilia. Hata kama mstari wote ungefika pale kabla ya wimbi, usingekuwa salama.

## Matokeo

Watoto 78 walikuwa bado chini ya uangalizi wa walimu. Walionusurika ni wanne. Walimu na watumishi wa shule waliokuwepo walikuwa 11, alinusurika mmoja. Baadhi ya miili ya watoto haijapatikana hadi leo, na kwa muda mrefu baada ya siku ile wazazi waliendelea kuitafuta kwenye matope ya mto.

## Maamuzi, na sababu zake

Ni rahisi mno kusoma mfuatano huu na kuuliza kwa hasira: mbona hawakupanda tu? Mimi nadhani swali hilo likiulizwa hivyo halifundishi. Tuwatazame wale watu wazima kama watu waliokuwa na sababu.

Uamuzi wa kutoa watoto nje haraka na kuwahesabu ulikuwa sahihi. Walikuwa wameufanyia mazoezi, na ukafanyika bila kusitasita. Hilo lina maana kubwa, nitalirudia.

Uamuzi wa kubaki uwanjani ulikuwa na sababu tatu zilizoshikana. Ya kwanza ni mlima wenyewe: ardhi ilikuwa ikiendelea kutetemeka, na waliouogopa mteremko walihofia miti kuanguka na udongo kuporomoka juu ya watoto wadogo. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Tetemeko kubwa huporomosha milima, na mwalimu anayewapandisha watoto wa miaka sita kwenye mteremko wenye theluji anaona hatari hiyo kwa macho, ilhali ile ya maji haioni. Ya pili ni historia. Katika kumbukumbu za kijiji kile tsunami haikuwahi kufika. Ile ya 1896, iliyoua takriban watu 22,000 kwenye pwani ya Sanriku, na ile ya 1933, zilikuwa habari za watu wa pwani. Wenyeji waliokuwepo uwanjani walisema wazi kwamba hapa haifiki. Na ya tatu ni wazee wenyewe. Shule ilikuwa kituo cha kukimbilia, wazee wamekuja, na kuondoka na watoto maana yake ni kuwaambia wazee kwamba mahali walipoletwa na jiji lao si salama. Hilo halisemwi kirahisi na mtu asiye na karatasi mkononi inayosema hivyo.

Uamuzi wa kuwakabidhi watoto kwa wazazi mmoja mmoja ulitokana na huruma na desturi, lakini ulikula muda na akili za walimu. Kila gari lililofika liliwafanya wageuke kutoka kwenye swali la wote kwenda kwenye swali la mtoto mmoja. Tena ulifanyika tambarare, mahali ambapo wazazi wenyewe hawakupaswa kuwepo.

Uamuzi wa mwisho, wa kwenda kichwani mwa daraja, ndio unaowashangaza watu zaidi. Ukiutazama kwa makini unaona ni maafikiano. Waliotaka kupanda walipata ardhi iliyoinuka kidogo. Waliouogopa mlima waliepuka miti. Wazee wangeweza kutembea hadi pale. Kila upande ulipata kitu, na ndivyo mabishano ya watu wenye nia njema yanavyoishia mara nyingi. Ila maji hayaafikiani na mtu.

## Mstari ulioachwa wazi

Familia za watoto 23 zilifungua kesi mwezi Machi 2014. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Sendai iliwapa haki na fidia ya takriban yen bilioni 1.43. Mahakama hiyo iliangalia dakika za mwisho: gari la jiji lilipopita, walimu walijua au walipaswa kujua, na walikuwa na takriban dakika saba za kupanda mlima ulio nyuma yao.

Kama mambo yangeishia hapo, fundisho lingekuwa kwamba walimu walikosea siku ile. Lakini tarehe 26 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Sendai ililigeuza jambo lote. Ilisema kosa halikuanza uwanjani. Lilianza kabla, kwenye ofisi ya shule na ya bodi ya elimu ya jiji, na lilikuwa limekwisha kukamilika mwishoni mwa Aprili 2010, wakati mipango ya usalama ya shule ilipotakiwa kuwasilishwa. Mwongozo ulipaswa kutaja mahali mahususi na njia ya kufika huko. Mahakama ilitaja pia eneo lililoinuka kwa zaidi ya mita 20, umbali wa kama mita 700, ambalo lingeweza kuandikwa pale. Bodi ilikusanya miongozo lakini haikuikagua wala kuirudisha irekebishwe. Mahakama iliongeza kwamba watu wa shule hawakupaswa kuichukua ramani ya hatari kama ushahidi wa mwisho, kwa kuwa shule ilikuwa jirani kabisa na mto mkubwa na matuta ya mto hubomoka kwa tetemeko. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Juu iliuacha uamuzi huo usimame.

Ninakubaliana na mahakama ya pili, na ninaona hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Fikiri kama pale kwenye nafasi ya mahali pa kukimbilia paliandikwa jina la eneo lile, njia ya kupitia, na dakika zinazohitajika. Naibu mwalimu mkuu asingehitaji kumshawishi yeyote. Angesema tu: mwongozo unasema twende kule, na wazee twendeni pamoja. Mjadala wa uwanjani ungekuwa umekwisha kufanyika mwaka mmoja kabla, katika chumba chenye joto, watu wakinywa chai, na muda wa kwenda kuukagua mteremko na kuuliza kama miti itaanguka. Pengine wangegundua kwamba mteremko unahitaji ngazi, na ngazi zingejengwa.

Badala yake nafasi ile ilijazwa maneno. Ingekuwa wazi kabisa, mtu angeiona na kushtuka. Maneno "kiwanja au bustani" yalifanya karatasi ionekane imekamilika, na ndiyo hatari yake: mkaguzi akipitisha jicho anaona kila kisanduku kina maandishi.

Turudi sasa kwenye jambo nililosema nitalirudia. Kutoka darasani kwenda uwanjani kulifanyika vizuri kwa sababu kulikuwa kumefanyiwa mazoezi. Miili ya watoto na walimu ilijua cha kufanya hadi hapo, na ikaishia hapo hapo, mahali ambapo mazoezi yaliishia.

## Namba, ramani na kusubiri

Tuna msemo kwamba haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi ni kweli. Kwa tsunami mambo hugeuka, kwa sababu gharama ya kukosea haiko sawa pande zote mbili. Kupanda mlima bure ni nguo kuchafuka na wazee kuchoka. Kubaki bure ni kufa.

Walimu wale walikuwa wakisubiri uhakika, na mfumo wa maonyo bila kukusudia uliwasaidia kusubiri. Idara ya Hali ya Hewa katika dakika zile tatu za kwanza ililikadiria tetemeko kuwa la 7.9, kwa sababu vipimo vya haraka hushindwa kulipima tetemeko kubwa namna ile. Kutokana na makadirio hayo ikatoka mita 6. Mtu anayeishi nyuma ya tuta, kilomita 4 kutoka baharini, akisikia mita 6 huanza kupiga hesabu: tuta lina urefu gani, maji yatapungua kiasi gani njiani. Namba humpa mtu kitu cha kubishana nacho.

Japani ililitambua hilo. Tangu Machi 2013, tetemeko likionekana kuwa la kipimo cha takriban 8 au zaidi, onyo la kwanza halitaji mita. Linatumia maneno, kwamba tsunami ni "kubwa mno" au ni "ya juu", na namba hufuata baadaye kipimo kikishathibitishwa. Katika mabadiliko yote yaliyofuata maafa yale, hili ndilo ninaloliona kuwa la busara zaidi, na halikuhitaji ukuta wala saruji.

Ramani nayo ilifanya kazi ile ile ya namba. Mstari wa ramani ulichorwa kwa tsunami moja iliyokadiriwa, na haukuahidi kwamba bahari haitavuka. Lakini mtu akiona nyumba yake iko nje ya rangi, anaisoma kama ahadi.

## Kamaishi, siku hiyo hiyo

Ili tusidhani kwamba yote haya ni ya kusema baada ya mambo kutokea, tutazame mji wa Kamaishi katika mkoa jirani wa Iwate. Huko shule mbili, moja ya sekondari ya chini na nyingine ya msingi, zilikuwa karibu na bahari kuliko shule yetu, nazo pia zilikuwa nje ya mstari wa ramani ya hatari.

Kwa miaka kadhaa kabla, mtaalamu wa maafa Toshitaka Katada alikuwa akiwafundisha walimu na watoto wa mji huo mambo matatu: usiamini makadirio, fanya kila uwezalo katika hali uliyonayo, na uwe wa kwanza kukimbia. La kwanza walilifanyia kazi darasani: watoto walionyeshwa ramani ya hatari kisha wakaambiwa wasiitegemee. Fikiri ugumu wa mwalimu kusema hivyo kuhusu karatasi ya serikali.

Siku ile wanafunzi wa sekondari walitoka mbio bila kusubiri. Wale wa msingi walikuwa wameanza kupandishwa ghorofa ya juu ya shule yao. Walipowaona wakubwa wakikimbia, wakashuka wakafuata. Walifika kituo walichokuwa wamekifanyia mazoezi. Hapo wangeweza kutulia, kwa kuwa mwongozo ulikuwa umetimizwa. Lakini iligundulika kwamba jabali la nyuma linabomoka, wakasogea juu zaidi, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Kisha wakaona wimbi likija, wakapanda tena. Shule zote mbili zilizama, na maji yakakifikia kituo cha kwanza pia. Kati ya wanafunzi karibu 3,000 wa shule za msingi na sekondari za mji mzima waliokufa ni watano, na hawakuwa chini ya uangalizi wa shule wakati huo.

Watu waliuita muujiza. Watoto wenyewe hawakulipenda neno hilo, nami nawaunga mkono. Kulikuwa na mafunzo, na kulikuwa na makubaliano ya nyumbani. Ukanda ule una neno la kale, *tendenko*, lenye maana ya kila mtu kukimbia kivyake, na watoto walifundishwa kuwaambia wazazi: mimi nitakimbia, usinifuate, nawe kimbia. Mzazi aliyeamini hivyo hakuendesha gari kuelekea shuleni. Linganisha na uwanja wetu, magari yakiingia na kutoka.

Na bado Kamaishi si hadithi ya mafanikio matupu. Katika eneo hilo hilo la mji, watu wazima wengi walikimbilia jengo lililoitwa kituo cha kujikinga na maafa, wakafa humo zaidi ya mia moja. Jengo halikuwa mahali rasmi pa kukimbilia tsunami. Lakini mazoezi yalikuwa yamefanyika hapo kwa sababu ni karibu, na wazee hawakutaka kupanda mlima kwa zoezi tu. Siku ya kweli walikwenda walikozoezwa kwenda.

## Baada ya maji

Kipo kipande kimoja cha kisa ambacho wachambuzi wengi hukipita. Maofisa wa elimu waliwahoji watoto walionusurika, kisha maandishi ya mahojiano hayo yakatupwa. Kwa familia, hilo lilikuwa jeraha juu ya jeraha. Walitaka kujua watoto wao walisema nini uwanjani, na karatasi zilizobeba maneno hayo hazipo. Kamati huru ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2014 ilitaja sababu mbili za moja kwa moja: uamuzi wa kuondoka ulichelewa, na mahali palipochaguliwa palikuwa kando ya mto. Wazazi walikuwa wakilijua hilo tayari. Walichotaka ni *kwa nini*, na ndicho kilichowapeleka mahakamani. Ninaamini kwamba utunzaji wa kumbukumbu baada ya maafa ni sehemu ya kujiandaa kwa maafa yajayo, na shule au ofisi isiyoamua mapema nani atazitunza itazipoteza, kwa hofu au kwa uzembe.

Magofu ya shule hayakubomolewa. Yalifunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 2021, na wakuu wapya wa shule wa mkoa ule wamekuwa wakipelekwa pale kwa mafunzo. Wazazi waliopoteza watoto ndio huwaongoza wengi wa wageni. Huwaonyesha mlolongo wa vyumba vilivyopasuliwa na maji, ukumbi uliobaki nguzo, kisha huwageuza kuelekea mlimani. Kwenye mteremko pamewekwa kibao kinachoonyesha maji yalipoishia. Mgeni hupanda kutoka uwanjani, kwa viatu vya kawaida, hadi kukipita kibao, akasimama hapo juu na kulitazama paa la shule likiwa chini yake.